Upande Usiosikia

Waya wa shaba wa kusukia mota hupakwa rangi nyembamba ili mzunguko mmoja usigusane na mwingine. Ukitaka kuunganisha ncha zake, lazima uichome rangi hiyo kisha uikwangue, na ikiungua hutoa harufu ambayo sijapata ya kuifananisha nayo sawasawa: tamu kidogo na kali kidogo, kama sukari iliyosahauliwa motoni karibu na kucha inayoungua. Mimi husuka mota za pampu za visima hapa Kajiado, kwa hiyo naivuta harufu hiyo karibu kila siku na kwa kawaida hainikumbushi chochote. Lakini juma lililopita nilikuwa nachoma ncha za waya nje, kwenye veranda, jua likishuka, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu anachomelea geti. Ile harufu na ule mlio vikakutana. Nikaweka koleo chini, nikakaa.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Kitengela, upande ambao siku hizo ulikuwa na nyumba chache na nyasi nyingi. Kama ulikulia huko wakati ule utakumbuka: punda milia walipita nyuma ya choo bila kumwomba mtu ruhusa, na mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua viatu ukiwa bado unatembea. Tulikuwa na vyumba viwili vya mabati na veranda ya simiti. Ndani tuliishi watu watatu: mama yangu, mimi, na mama yake baba yangu, ambaye nilimwita Susu kama Wakamba wanavyomwita nyanya.

Mama hakuwa Mkamba. Alizaliwa katika familia ya wafugaji huko Oltepesi, na mimi nilimwita Yeyo kwa lugha ya kwao. Alishona katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River, na kazi yake ilikuwa kola. Si shati, kola tu, kutoka asubuhi hadi jioni. Shingoni alining'iniza utepe wa kupimia hata siku ambazo hakwenda kazini, na mfuko wa aproni yake haukukosa kipande cha chaki bapa ya kushonea. Alipima kila kitu. Alipotaka kusogeza kitanda alipima kwanza mlango, kisha kitanda, kisha mlango tena, na ndipo akainua.

Baba alikuwa mwanajeshi, mpishi wa jeshi, na mwaka ule alikuwa ametumwa pamoja na kikosi cha kulinda amani magharibi mwa Afrika. Nilipomuuliza Mama ni wapi hasa, alinyoosha mkono kuelekea vilima vya Ngong, jua lilipokuwa linazama. Kwa hiyo nilijua mahali alipo Baba kwa uhakika wa mtoto. Alikuwa pale linapoingia jua, na jioni lilipopotea niliamini limefika kwake.

Baba aliandika barua. Mama alizisoma kwa sauti, Susu akisikiliza huku akisuka kiondo chake, na alipomaliza Susu alisema, "Haya." Basi. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Baadaye niligundua kwamba Susu haziamini. Alipokuwa na mimba ya Baba, mumewe, yaani babu yangu, alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la katani mbali na nyumbani. Babu alifariki huko. Shemeji zake waliogopa kumwambia mwanamke mwenye mimba, na kwa kuwa yeye hakujua kusoma, waliendelea kukaa mbele yake na karatasi na kumsomea barua za mtu aliyekwisha kuzikwa. Barua hizo zilimuuliza habari za mbuzi. Ziliahidi kwamba mzee atarudi mvua zikianza. Alikuja kuambiwa ukweli mtoto akiwa ameshatambaa.

"Barua inasomwa na mtu anakupenda," alisema Susu. "Na mtu anakupenda ndiye anaweza kukudanganya vizuri."

Mama hakubishana naye hata siku moja. Mimi nilijaribu. Nilichukua barua nikamsomea mwenyewe, nikifuata kila neno kwa kidole. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipapasa kichwa, akasema kwa huruma, "Hata wewe wamekufundisha."

Kisha kukawa na kimya cha miezi, na baada yake barua tatu zikafika siku moja. Mama alifurahi mpaka akakalia kiti kilichokuwa na nguo mbichi. Susu alizitazama zile bahasha tatu kwa muda, akaweka kiondo chini. "Tatu siku moja," alisema. "Ile ya mzee ilikuwa hivyo hivyo." Tangu siku hiyo hakusuka tena. Alitangaza kwamba shule zikifungwa atarudi kwao Mwingi kumlilia mwanawe, kwa sababu mtu hawezi kukaa kwa mabati ya Kitengela akisomewa karatasi wakati mtoto wake hajaliliwa.

Sikuelewa wakati huo kwa nini Mama alilia usiku ule. Sasa naelewa. Mtu akishaliliwa na mama yake mzazi, mbele ya ukoo, akiwa hai, atarudi nyumbani kama nani?

Katika barua ya mwisho kati ya zile tatu, Baba alikuwa ameandika kwamba ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio moja ya ng'ambo iliyotangaza kwa Kiswahili, na kwamba itasomwa moja ya siku za Alhamisi mwezi huo, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nadhani wengi wa rika langu wanazikumbuka kadi hizo: watu waliokuwa Bukoba wakiwasalimu watu wa Malindi kupitia mtangazaji aliyekaa Ulaya. Mama aliisoma sentensi hiyo mara mbili, ya pili kimoyomoyo. Mtangazaji hakumjua Susu. Hakumpenda wala hakumchukia. Hapo ndipo alipopatikana shahidi.

Alhamisi ya kwanza tuliiweka redio juu ya stuli kwenye veranda, maana ndani ya mabati haikushika kitu. Ilikuwa na betri nne, ambazo mimi nilikuwa nimezianika juani mchana kutwa. Mama aliuvuta ule mlingoti wa antena hadi mwisho. Tulichosikia ni sauti kama mahindi yanayokaangwa kwenye karai. Stima ilikuwa imefika barabara yetu mwaka ule, lakini haikuingia kwetu. Iliishia ng'ambo, kwa fundi tuliyemwita Kamau wa Mageti, na mashine yake ya kuchomelea ilipopiga cheche, redio yetu ilikaanga mahindi.

"Huyo ndiye anasoma salamu?" Susu akauliza.

Mama alivuka barabara. Nilimfuata. Kamau aliinua ile miwani yake myeusi, akamsikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Mama Mumbua, nikizima hii saa hiyo, geti ya watu itajichomelea yenyewe? Jioni ndiyo stima inakuja na nguvu."

"Nusu saa tu, Kamau. Siku ya Alhamisi."

"Nusu saa! Mwambie huyo mtu wa redio apaze sauti."

Wanaume waliokuwa wakingoja mageti yao walicheka. Mama naye akacheka, akamshukuru, tukarudi. Nilikasirika kwa niaba yake njia nzima, nikipiga mawe teke. Yeye alikuwa ameshaanza kufikiri juu ya kitu kingine.

Nimejifunza mengi maishani bila mwalimu, kutoka kwenye vitabu vilivyokatwa jalada na kwenye mota zilizoungua, na nikitafuta mahali nilipoona kwanza jinsi mtu anavyojifunza, ni Jumapili iliyofuata. Mama alikuwa akisikiliza ibada kwenye stesheni ya hapa nchini, katika masafa ya kati, akiwa ameibeba redio mkononi. Kamau alikuwa kazini hata Jumapili. Mama aligeuka ili jua lisimpige usoni, na mkwaruzo ukapungua. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na ibada. Mama alirudi alipokuwa, mkwaruzo ukarudi. Akageuka tena, ukapungua. Alifanya hivyo mara tano. Kisha akaiweka redio sakafuni, akatoa chaki mfukoni, akachora mstari pale ambapo mkwaruzo ulikuwa mdogo kabisa. Akahamia masafa mafupi, ambako ndiko salamu zingesomwa, akageuza tena. Hakukuwa na tofauti yoyote.

"Yeyo, umefanya nini?" nikamuuliza.

"Sijui bado," akasema. Lilikuwa jibu lake la mara kwa mara, na alilisema bila haya.

Kesho yake alitoka kazini, akanichukua mimi na redio, tukaenda kwa Fundi Mutisya, mzee aliyetengeneza redio kwenye kibanda cha mbao karibu na stendi. Fundi alifungua redio yetu, akatuonyesha kijiti cheusi chenye unene wa kidole, kimezungushiwa waya mwembamba.

"Masafa ya kati inatumia hii. Masafa mafupi inatumia ile ya kuvuta."

"Na kwa nini hii ya ndani iko na upande haisikii?" Mama akauliza.

"Iko hivyo tu, mama."

"Iko hivyo kwa sababu imezungushwa waya?"

Fundi Mutisya alimtazama kwa makini. "Eti wewe unashona nini?"

"Kola."

"Kola," alirudia fundi, kana kwamba ndiyo kwanza asikie neno hilo. Kisha akaeleza kwamba zamani aliwahi kuona watu wanazungusha waya kwenye fremu kubwa ya mbao kwa ajili ya masafa mafupi, ila yeye mwenyewe hajawahi kuifanya. Alitafuta kwenye boksi la redio zilizokufa, akatoa kile kifaa chenye vibati vyembamba vinavyoingiliana ukizungusha kitufe cha kutafutia stesheni. "Lazima uwe na hii, ndiyo ichague. Chukua. Mwenyewe alikufa na hajarudi kuidai." Waya aliutoa kwenye mota iliyoungua.

Fremu ilitokana na kreti la nyanya la kutoka Kimana. Mama alichagua fito mbili zilizonyooka, akazipima, akazipanga msalaba, akauwekea miguu ya kusimamia, akazikata vijino kwenye ncha nne kwa kisu cha jikoni ili waya usihame. Kutoka ncha hadi ncha, fremu ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole. Kisha akaanza kuzungusha waya. Susu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni.

"Unajenga kitanda ya kuku?"

"Ni sikio, Mwaitu," Mama akajibu. Alimwita mama mkwe wake kwa neno hilo la Kikamba lenye maana ya "mama yangu".

"Sikio ya mbao. Haya."

Lakini waya ulikuwa ukilegea, kwa kuwa mkono wa Mama ulizoea uzi, na uzi hauna ukaidi wa shaba. Susu alivumilia mizunguko mitatu. Wa nne ulimshinda. "Lete hapa. Unafunga kama mtu anafunga kuni." Akaiweka fremu mapajani, akaufungua waya wote, akaanza upya, akivuta na kubana kwa kidole gumba kama alivyobana katani ya kiondo maisha yake yote. Mizunguko kumi na minane, wote sambamba, hakuna uliopanda juu ya mwingine. Hakuamini hata chembe kwamba kile kitu kingefanya kazi. Hakuweza tu kuona kitu kikisukwa vibaya mbele yake. Kati ya watu wote niliowahi kufanya nao kazi, sijamwona aliyebana waya vile.

Mama alichoma ncha kwa kibiriti, akazikwangua kwa wembe. Ndiyo ile harufu.

Alhamisi ya pili betri zilikufa kabla ya kipindi. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilisahau kuzianika. Mama hakunigombeza. Siku iliyofuata alifunga kamba ndogo kwenye begi langu la shule, ya kunikumbusha.

Alhamisi ya tatu fremu ilikuwa tayari na haikushika kitu. Yaani ilishika masafa ya kati kwa nguvu ya ajabu, tukasikia hadi mahubiri ya nchi jirani, lakini kwenye masafa mafupi ilikuwa mbao na shaba tu. Susu alienda kulala mapema. Asubuhi nilikuta kiondo chake kikubwa karibu na mlango, kimeshafungwa, blanketi juu.

Kuanzia jioni hiyo Mama alifanya jambo ambalo kwangu lilikuwa kama wazimu. Alianza kuondoa waya. Aliondoa mzunguko mmoja, akaunganisha tena, akageuza kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho, akasikiliza, akaandika kwenye daftari langu la zamani la hesabu: "17. Hakuna." Kisha mwingine. "16. Hakuna." Alitoka kiwandani akiwa na vumbi la pamba kwenye nyusi, akala haraka, akaketi. "11. Hakuna." Nilimsihi aache kabla haujaisha wote. Niliona anaharibu kazi ya Susu. Kwenye mzunguko wa tano aliandika, "Kama kuna mtu mbali." Kwenye wa tatu kulikuwa na muziki. Ilipobaki miwili tu, mtangazaji aliongea Kiswahili kwa sauti iliyonyooka, na Mama akapiga mstari chini ya namba 2 kwa rula. Ndani ya hiyo miwili alizungusha mmoja mdogo wa pekee, ukaenda kwenye redio. Ilikuwa Jumatano.

Kamau alikuwa akichomelea. Mama aliigeuza fremu polepole, kidogo kidogo, na mahali fulani mahindi yakaacha kukaangika. Hayakwisha, ila yalikwenda mbali kama yanakaangwa kwa jirani wa tatu. Akachukua chaki akachora miguu ya fremu kwenye simiti.

Baada ya muda Kamau mwenyewe alivuka barabara kuja kuona. Alizunguka fremu mara mbili, mikono nyuma.

"Kumbe umenizima bila kuja kwangu!"

"Sijakuzima, Kamau. Chomelea tu."

"Haki ya Mungu," alisema, na hakucheka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo nimelibeba muda mrefu kuliko lilivyostahili. Mimi niliiona ile fremu kama dirisha. Niliamini kwamba Baba angeongea mwenyewe kupitia katikati yake, na kwamba Mama alipunguza waya ili dirisha liwe wazi, apite vizuri. Sikuuliza mtu, kwa kuwa jambo lilikuwa wazi kabisa kwangu. Kilichonisumbua ni kwamba kwenye ile alama ya chaki, dirisha lilimtazama Kamau wa Mageti. Uso wake wote ulikuwa ng'ambo ya barabara. Upande wa Baba, upande wa jua kuzama, lilitoa ubavu.

Kwa watu wa Mama, mtoto akimkuta mtu mzima humwendea, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa ili aguswe. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kufunga vifungo. Humpi mkubwa bega, wala humsalimii ukiwa umetazama kando. Na hapa tulikuwa tunangoja salamu za Baba, tukiwa tumempa ubavu na kumpa uso mtu aliyetucheka.

Alhamisi ya mwisho, Mama alichelewa kutoka kazini. Alifika anakimbia, akaweka redio, akafunga nyaya, akaweka fremu juu ya chaki, akasikiliza, akaridhika. Susu alikuwa kwenye kiti chake, safari yake ikiwa Jumamosi. Alikubali kukaa nasi, nadhani, kama mtu anavyokubali chai kwenye nyumba anayotaka kuondoka. Zilibaki dakika chache. Mama aliingia ndani kunawa uso.

Nilisimama, nikaishika fremu kwa mikono miwili kama nilivyomwona akifanya, nikaigeuza mpaka uso wake ukatazama jua. Nikarudi kukaa. Nilihisi nimefanya jambo la heshima.

Kamau alikuwa amemaliza geti moja na hajaanza jingine, kwa hiyo hakukuwa na sauti yoyote mbaya. Muziki wa kipindi ukapigwa. Mtangazaji akasoma kadi mbili. Ya tatu akaianza, "Kutoka magharibi mwa Afrika, kwenye kikosi cha..." na hapo hapo Kamau akapiga cheche. Mahindi yakalipuka. Sikupata kusikia redio ikilia vile. Nyuma ya mlio huo mwanamume alikuwa anasoma jina la mtu, na hakuna aliyeweza kulisikia.

Mama alitoka na maji yakimtiririka kidevuni. Alitazama sakafu, akaona chaki tupu, akapiga magoti, akairudisha fremu kwenye alama zake, mguu kwa mguu, bila pupa, wakati mimi nilitaka kupiga kelele afanye haraka. Kelele zikaenda mbali. Mtangazaji alikuwa anamalizia.

"...yuko mzima, anakula vizuri kwa sababu anajipikia mwenyewe. Na hapa chini ameandika... Kava... Kavaluku. Anayewasalimu ni Kavaluku. Tuendelee na kadi kutoka Kigoma."

Mama alibaki magotini. Niliona uso wake ukizima. Hakuna mtu aliyeitwa hivyo nyumbani kwetu. Baba aliitwa Mutua. Labda hiyo ilikuwa kadi ya mwanajeshi mwingine, na ya Baba ilisomwa ndani ya mahindi, au haikusomwa kabisa. Akanyoosha mkono azime redio.

"Imepita, Mwaitu. Pole."

"Wacha!"

Susu alikuwa amesimama. Alikuwa na shida ya magoti na kwa kawaida alihitaji mlango na mkono wa mtu.

"Amesema nani?"

"Sijui. Kava... Ni mtu mwingine."

"Nani alikwambia hiyo jina?"

"Hakuna mtu."

"Mutua alikwambia? Siku moja, mkikaa, alikwambia?"

"Mwaitu, sijawahi kuisikia mpaka sasa hivi."

Susu alimtazama machoni kwa muda mrefu, kama alivyotazama katani kabla ya kuinunua. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, na machozi yalikuwa yakishuka kandokando yake.

"Kavaluku ni sungura," alisema. "Alizaliwa masikio tupu. Mwili hakuna, ni masikio. Nikamwita hivyo tukiwa wawili, ndani ya nyumba, nikimnyonyesha. Alipoenda shule alinikataza, ati watoto watamcheka. Hakuna mtu anajua. Hata mke wake hajui." Akaigeukia redio, ambayo ilikuwa ikisoma majina ya watu wa Kigoma. "Huyo mtu wa Ulaya atajua aje?"

Mama aliketi sakafuni, mgongo ukutani, utepe wake shingoni, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Baada ya muda aliniita.

"Mumbua. Ni wewe uligeuza?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Kwa nini?"

Nikamwambia yote: dirisha, jua, Kamau, ubavu, heshima. Nilitarajia kofi au kicheko, na sijui ni kipi nilichokiogopa zaidi. Hakunipa chochote kati ya hivyo. Aliushika mkono wangu, akaiweka fremu mikononi mwangu, akasema, "Geuza. Sikiza." Nikageuza, mahindi yakaja. Nikarudisha, yakaenda. "Umeona? Uso wake ndio upande usiosikia. Yule hatutaki kumsikia ndiye tunampa uso. Baba yako yuko juu sana, anakuja kutoka angani, yeye anaingia tu." Miaka mingi baadaye, nilipoyasoma mambo haya kwenye vitabu, nilikuta kwamba alikuwa sahihi: mawimbi ya mbali hushuka kutoka juu na fremu ndogo haiyakatai sana, bali huikataa kelele ya karibu inayokuja moja kwa moja. Hakuna aliyemfundisha. Alilijua kwa sababu aligeuza na kusikiliza.

Giza lilikuwa linaanza. Kamau alizima mashine yake akafunga kibanda. Susu alikuwa ameketi tena, na kiondo kikubwa alikuwa amekivuta hadi miguuni pake. Alifungua kamba, akaondoa blanketi, akaingiza mkono hadi chini, akatoa kile kiondo kidogo ambacho hakukigusa tangu zilipokuja zile barua tatu, sindano ikiwa bado imechomekwa pale alipoachia.

"Mama Mumbua," akasema, "leta taa. Leta na zile barua."

"Zile tatu?"

"Zote. Anza ile ya kwanza." Akautafuta uzi kwa vidole, akaubana kwa kidole gumba. "Na usome polepole. Sijawahi kuzisikia."